Kutoka Mwanza hadi Nansio kwa Ajili ya Herufi Moja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimefika saa moja na nusu asubuhi, mlinzi bado anafagia ngazi. Hii ni mara ya saba kuja kwenye ofisi hii tangu Februari. Nimeshajua kwamba anayefika saa mbili hukaa benchi la nje juani, na anayewahi hukaa la ndani. Nimebeba bahasha ya kaki iliyochakaa kingo. Ndani yake mna karatasi zote za mtoto wa miaka tisa: cheti cha kuzaliwa, vyeti viwili vya vifo vya wazazi wake, barua ya mwenyekiti wa mtaa, barua ya shule, kibali changu cha ukaazi, na nakala za nakala.

Kwa atakayesoma bila kunijua, nieleze. Mimi ni mzaliwa wa Magu. Nilikwenda Marekani nikiwa kijana, nikasomea uuguzi, nikafanya kazi Houston miaka mingi, na mwaka 2014 nikachukua uraia wa huko. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku ile niliacha kuwa Mtanzania. Mwaka 2021 mdogo wangu alifariki akiwa Ukerewe, alikoolewa. Mumewe, mvuvi, alikuwa ametangulia miaka miwili kabla. Wakaacha binti wa miaka mitano. Nilirudi mwezi Juni mwaka huo, nikapanga nyumba Nyakato, hapa Mwanza, na sijaondoka tena. Mtoto ananiita mama mkubwa.

Ninataka kumwasili, yaani awe mwanangu kisheria. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ombi hilo husikilizwa na Mahakama Kuu, na asiye raia ana masharti yake: awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto huyo kwa malezi ya kambo, yaani malezi ya muda kabla ya kuasili, angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya jinai katika nchi yake, aletewe mapendekezo kutoka huko kwao, na mahakama iridhike kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo. Sipingi hata sharti moja. Mtoto si mzigo wa kukabidhiwa yeyote anayeshuka na sanduku uwanja wa ndege. Kama mimi ndiye ningekuwa kaburini na mtu wa mbali anamtaka mwanangu, ningetaka aulizwe zaidi ya hapo.

Leo dada wa dirishani, msichana mpole, ameviweka vyeti viwili sambamba na kuvigusa kwa kalamu. Cheti cha kuzaliwa kinaandika jina la kati la mama wa mtoto kwa L. Cheti cha kifo kinaliandika kwa R.

“Mama, hawa ni watu wawili,” akaniambia. “Kwa karatasi hizi, mama wa mtoto hajafa. Inabidi alete ridhaa yake.”

Hakusema kwa ubaya. Nilitoka nje nikashika nguzo ya baraza mpaka moyo ukatulia. Mdogo wangu nilimzika kwa simu, nikiwa Houston, simu imeshikwa na shemeji pembeni ya kaburi ili nisikie udongo unavyoanguka.

Vyeti hivyo viwili vimekuwa mikononi mwa ofisi hii tangu Februari. Mara sita vimefunguliwa, mara sita vimefungwa. Februari niliambiwa lete barua ya mtaa. Machi, barua ya shule. Aprili, nakala zithibitishwe na wakili. Mei, mhusika yuko semina. Hilo ndilo linaloniumiza. Nipo tayari kwa kila swali, ila ninaulizwa moja kila mwezi, na mwezi kwa mtoto wa miaka tisa ni mrefu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda ofisi ya pili kufuata jalada la malezi ya kambo. Afisa aliyekuwa akituangalia, aliyewahi kuja nyumbani mara tatu na kuona kitanda cha mtoto, madaftari yake, hata mche wa mpapai alioupanda, amehamishwa mkoa mwingine. Taarifa yake imo ndani ya kabati. Kabati limefungwa. Ufunguo haujulikani uliko.

Niliuliza kama yeyote amempigia simu. Wakatazamana. Nikaomba namba yake, wakasema si utaratibu. Nikakaa hadi saa saba.

Kuhusu malezi haya niseme jambo. Mtoto ameishi kwangu miaka minne. Nimemkesha kwa malaria, nimemfundisha kusoma. Lakini miezi mitatu ya sheria ilianza kuhesabiwa siku barua ya malezi ya kambo ilipotiwa saini, mwaka huu. Miaka minne haikuingia. Naelewa kwa nini: uangalizi hauwezi kuhesabiwa kabla haujaanza. Bado siku ile nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Kwenye benchi nilikaa na bibi mmoja kutoka Misungwi aliyekuja kumtafutia mjukuu cheti cha kuzaliwa. Alikuwa na kadi ya kliniki imefungwa ndani ya kanga, na maji yameila katikati. Tuligawana maandazi. Aliniuliza kama mimi ni mfanyakazi wa humo, maana amekwisha kuniona pale safari zake zote mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Alama za vidole. Huko Marekani hutoa cheti cha kuonyesha mtu hana rekodi ya jinai kwa kutazama vidole vyote kumi, na karatasi niliyotuma Mei imekataliwa: mistari haisomeki. Muuguzi akiosha mikono kwa dawa miaka ishirini, ngozi ya vidole hulainika kama sabuni iliyotumika.

Askari aliyenichukua leo alikuwa mzee wa kazi hiyo. Alinitazama vidole mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia nirudi mchana nikiwa nimepaka mafuta na nisifue nguo. Nikarudi. Akapaka wino kidogo sana, akavingirisha kila kidole taratibu kutoka ukucha hadi ukucha, akatupa kadi mbili na kuanza ya tatu. “Hii itasomeka,” akasema. Nilimwamini. Kifurushi nimekituma saa tisa na nusu alasiri.

Alhamisi, 7 Agosti

Kwa wakili. Amesema kesi ya L na R ni ndogo ikiwa atapatikana mtu mzima wa ukoo, anayemjua marehemu, aape mbele ya hakimu au wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Pia anataka muhtasari wa kikao cha ukoo wa upande wa baba kuonyesha wameridhia, wenye saini zao na muhuri wa mtendaji. Vyote viwili viko Ukerewe. Kesho ni Nane Nane, ofisi zimefungwa na shule pia. Tunaondoka na mtoto.

Ijumaa, 8 Agosti

Mjini daladala zimejaa watu wanaokwenda maonyesho ya wakulima Nyamhongolo. Sisi tukaelekea bandarini, mtoto na begi lake la shule lililojaa nguo badala ya madaftari. Amevaa gauni la kanisani. Nilimwambia meli ina upepo, akasema babu, mzazi wa marehemu baba yake, hajamwona na gauni hilo.

Meli ilipoanza kurudi nyuma alisimama ubavuni kuangalia jiwe la Bismarck likigeuka: kwanza kama mtu amesimama kwenye maji, halafu kama kidole, halafu likapotea kati ya mawe mengine ya mwambao. Nyumba za milimani, zile zilizojengwa juu ya mawe zikashikana kama ndege, zikabaki kuwa rangi tu. Kisha ni maji. Mtu akisikia “ziwa” hudhani ataona ng’ambo. Nyanza, hili Ziwa Victoria, hana ng’ambo.

Baada ya mwendo wa saa moja hivi akaniuliza, “Baba alizamia wapi?”

Hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia sijui mahali penyewe, ilikuwa usiku, walikuwa kwenye dagaa, upepo ukaja. Akaangalia maji. Mzee mmoja aliyekuwa na tenga la nyanya karibu yetu, aliyesikia, akavua kofia na kuipakata. Hakusema neno. Watu wa huku wote wana mtu wao humu majini. Kila nyumba ya Ukerewe inamkumbuka mtu, na tangu kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, zimeongezeka nyingine nyingi kwa siku moja. Mtoto alikula chungwa, akalala mapajani mwangu mpaka Nansio, bandari ya Ukerewe.

Kutoka gatini ni bodaboda mbili. Babu alikuwa ameketi chini ya mwembe tangu asubuhi, kiti chake kimesogezwa kufuata kivuli. “Shikamoo baba.” “Marahaba mwanangu, karibuni kwenu.” Mtoto alizunguka mara moja gauni lionekane, kisha akajitupa mikononi mwake.

Jumamosi, 9 Agosti

Kikao kilipangwa saa nne, kikaanza saa sita, baada ya baba mdogo wa mtoto kurudi kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Ugali wa muhogo na sato vilikuja kwanza, maana hapa mambo mazito hayasemwi na njaa.

Nilieleza kwa kirefu. Nilitaka kuwa mkweli hata kwa yale yanayouma: kuasili si kulea tu. Mahakama ikiamua, kisheria mtoto anakuwa wangu kama niliyemzaa, na haki za wazazi wa kwanza zinafika mwisho. Niliposema hivyo pakawa kimya, kuku wakasikika.

Shangazi yake mtoto ndiye aliyevunja kimya. Ni mwanamke wa maneno machache, ana duka la chumvi na sabuni. “Dada, nisikilize bila kukasirika. Kaka yangu hatukumzika, maji hayakumrudisha. Tuliyebaki naye ni huyu. Leo unatuomba tuandike kwamba si wake tena. Kesho unaweza kupanda ndege.”

Nilikuwa na majibu tayari kichwani, ya sheria na ya nauli, yote nikayaacha. Nilimwambia ana haki ya kuogopa. Kwamba ndiyo, ipo siku tunaweza kwenda Houston, kusoma au kutibiwa, na bila karatasi hii siwezi hata kumwombea viza kama mwanangu. Nikiugua huku au huko, hakuna anayejua huyu ni wa nani. Kwamba jina la baba yake halitafutwa, litabaki mwishoni mwa jina lake, hakuna sheria inayonilazimisha kulibadili. Na kwamba likizo ya Desemba ni ya Ukerewe, kila mwaka, na hilo nikaomba liandikwe kwenye muhtasari pamoja na mengine.

Katibu wetu, kijana wa kidato cha nne, akaliandika. Ni kipengele cha tano.

Halafu tukafika kwenye herufi. Nilivitoa vyeti na kuvitandika juu ya mkeka. Babu akavaa miwani, akasoma kwa kidole, akakaa muda mrefu. Kisha akavua miwani.

“Mimi ndiye niliyekwenda kuandikisha,” akasema. “Karani aliniuliza jina la baba yake marehemu, nikamtajia nilivyozoea kulitamka mimi. Akaandika alivyosikia. Sikuwa na miwani siku ile. Mwanangu, mwaka mzima unazungushwa kwa ajili ya mdomo wangu?”

Kwa Kisukuma hatuna R. Jina la marehemu baba yetu linaanza na L na litaanza na L milele. Lakini mzee huyu alitoka na kiza cha alfajiri, akasimama foleni kumwandikisha mkwe wake, ili kifo chake kiwe na karatasi, wakati mimi nilikuwa ng’ambo ya bahari. Nilipiga magoti nikamshika mikono. Nilimwambia kosa si la mdomo wake, na kwamba yeye ndiye shahidi bora kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyelitamka.

Walisaini wote. Wasiojua kuandika walitia dole gumba. Shangazi alisaini wa mwisho, akaandika jina lake kamili, taratibu, kama mtu anayeshona.

Jioni mtendaji wa kijiji alikuja kwa miguu. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu Alhamisi. Alikuwa na muhuri kwenye mfuko wa shati, umefungwa ndani ya kitambaa. Alisoma muhtasari wote, akamuuliza mtoto anasoma darasa la ngapi na anaishi na nani, akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akagonga muhuri kwenye kila ukurasa. Hakutaka soda.

Jumapili, 10 Agosti

Misa. Makaburini. Mtoto alipanda ua kwa mama yake na kuweka jiwe lililotoka ziwani kando yake, kwa ajili ya baba.

Jumatatu, 11 Agosti

Babu alifika Nansio kabla yangu, koti la sherehe, miwani mfukoni. Kiapo kilichapwa, akasomewa, akaomba asomewe tena. Aliponyanyua mkono kuapa sauti yake ilisikika hadi nje. Nakala tatu.

Meli hatukuiwahi, tukapita nchi kavu: Rugezi, kivuko mpaka Kisorya, kisha basi la Bunda. Kutoka Bunda tulisimama mpaka Lamadi. Magu nilimwonyesha mtoto njia ya kwenda nyumbani kwetu. Tulishuka Igoma saa tatu usiku, mtoto mgongoni, bahasha tumboni ndani ya kanga.

Jumanne, 12 Agosti

Msichana wa dirishani alikisoma kiapo, akatabasamu, akakubali. Kisha akasema picha za mtoto za pasipoti saizi ziwe na mandhari ya bluu. Nilizoleta Februari ni nyeupe.

Nilimuuliza kwa upole, maana ananitendea vyema: “Mwanangu, kuna kingine?” Akasema hilo analoliona yeye ni hilo, mengine atajua bosi. Nikaenda shuleni kumtoa mtoto kipindi cha hisabati, tukapiga picha, nikamrudisha kabla ya chakula cha mchana.

Jumatano, 13 Agosti

Kabati limefunguliwa. Afisa mpya ameripoti Jumatatu, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwita fundi wa vitasa. Ni kijana, hajafika hata miaka thelathini. Taarifa yetu ilikuwepo, kurasa tisa, imesainiwa, haikupungukiwa kitu isipokuwa barua ya kuipeleka mbele. Barua hiyo ameiandika nikiwa nimekaa.

Kisha akafanya jambo ambalo sijafanyiwa tangu Februari. Alichukua karatasi nyeupe, akauliza nina nini na sina nini, akapiga simu mbili, akaandika kwa mkono wake vyote vilivyobaki mpaka siku ya kusikilizwa, kimoja chini ya kingine: kipi kinatoka wapi, nani anasaini, kipi kina muda wa kuisha na kipi hakina. Vilikuwa vinne. Vinne tu. Ile ya Marekani ya rekodi ya jinai aliipigia mstari, akasema hiyo isitangulie wala isichelewe, ifike karibu na tarehe ya shauri, kwa sababu nyingi humfia mwombaji mkononi zikisubiri wenzake.

Nilimwomba nimpigie picha karatasi ile. Akacheka, akasema ni yangu, nichukue. Niliwaza yule bibi wa Misungwi na kadi yake iliyoliwa na maji. Dakika ishirini, kalamu moja. Kama kila dirisha lingempa kila mtu dakika ishirini hizo siku ya kwanza, benchi lile lingekuwa tupu. Nimemwandikia barua ya shukrani, nakala kwa mkuu wake, na chini yake nimeomba karatasi kama ile ichapwe na kubandikwa mlangoni.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku hizi mawakili hufungua mashauri kwa mtandao. Saa nane na dakika kumi mchana wakili alinitumia ujumbe: ombi limepokelewa, limepata namba. Tarehe bado. Nilikuwa mwaloni Kirumba nanunua dagaa, nikasimama katikati ya njia na wabeba mizigo wakanipigia kelele nipishe.

Jioni nilimweleza mtoto. Nilimwambia jaji atamsikiliza faraghani, hakutakuwa na watu wengi, na huenda akamuuliza maswali mawili matatu. Aliendelea kukoroga uji kwa muda.

“Akiniuliza naishi na nani, nijibu mama mkubwa au mama?”

Nikamwambia ajibu lile analoniita akiamka usiku.

“Basi mama,” akasema, akaomba sukari.

Kesho asubuhi nakwenda kuulizia kifurushi cha vidole kimefika wapi.